Kichaka Kisichopigwa Mkasi

Kinyozi wa mtaani kwetu tunamwita Mstari. Jina alilopewa na wazazi wake analijua yeye na mkewe. Sisi wateja hatulitumii. Tulimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake. Akikuchonga ukingo wa nywele pale kwenye paji la uso, unaweza kuweka rula. Hata ukiwa na haraka hakuachii. Anarudi nyuma hatua moja, anafumba jicho, halafu anasogea tena na wembe. "Bado kidogo, mzee. Hapa kuna mmoja amejificha."

Namwandika kwa sababu ni mtu mwema, na watu wema huandikwa wakishakufa. Huyu yu hai. Mimi shule sikuiona kwa ndani. Herufi nilifundishwa na mke wangu, mezani, tukishakula. Basi nitaandika machache, tena yale niliyoyaona.

Duka lake ni chumba kimoja, mlango unatazama bahari. Kati ya mlango na maji kuna sakafu ya saruji, barabara ya vumbi na ukuta mfupi wa mawe. Hakuna kingine. Ndani kuna kiti cha kuzunguka ambacho siku hizi hakizunguki, kioo kirefu chenye madoa meusi pembeni, na rafu ya mashine na brashi. Katikati ya chumba kuna pazia. Nyuma ya pazia anakaa mkewe na cherehani yake, ile ya kukanyaga, yenye meza ya chuma. Anashona sare za shule, magauni, na suruali za watu waliokonda. Ukikaa kunyolewa unasikia mashine ya mume mbele na ya mke nyuma, na wenyewe wanaongea kupitia pazia bila kuonana.

"Mama, yule wa kola amekuja?"

"Hajaja. Na wewe usimkate mzee wa watu masikio kwa maneno."

Basi ndivyo siku nzima.

Ufundi aliupata kwa mjomba wake. Mjomba alikuwa mkali. Hakumruhusu kugusa mkasi mpaka alipoweza kufagia chumba asiache unywele hata mmoja. Mstari anasema alifagia mpaka akaota ndoto za ufagio. Alipopewa mkasi alikuwa ameshajua kuona kilichobaki. Mpaka leo hawezi kupita kwenye kitu kilichochomoza. Uzi kwenye shati lako atauchomoa. Kamba ya kiatu ikizidi upande mmoja, atakuonyesha.

Mke wangu alipofariki niliacha ndevu. Si kwamba niliamua. Siku zilipita tu. Mstari alikuja nyumbani na mkoba wake, akaamkia, akatandika taulo mabegani mwangu. Hakunipa pole wala hadithi. Alininyoa, akafagia, akasema, "Benchi langu lipo mzee, halina mtu asubuhi." Kuanzia hapo nikawa naenda. Nyumba ya mtu mmoja hata sufuria hailii.

Benchi lenyewe lilikuwa nje, juu ya ile saruji. Palikuwa pazuri upepo ukiwa mdogo. Ukivuma, mchanga unakuingia mpaka kwenye meno. Na mchanga si kitu. Chumvi ndiyo yenye kazi. Haionekani ikija. Unaiona imeshakaa: bawaba zimevimba, misumari inalia machozi mekundu ukutani. Mstari alizifunga mashine zake kwa vitambaa vya mafuta kila akifunga duka. Lakini cherehani ina viungo vingi, na nyuma ya pazia upepo ulikuwa unapiga kona na kuingia vilevile.

Siku moja mkewe alitoka mbele na gauni jeupe mkononi. Lilikuwa na alama ya kutu kifuani, ndefu kama kidole.

"Hili ni la harusi," alisema. "La mtu. Nimeshona kwa machozi na sasa nitalilipia kwa machozi."

Mstari alilishika, akaligeuza kwenye mwanga. "Litatoka kwa ndimu."

"Litoke hili, kesho liingie jingine? Baba, mimi nimechoka. Kaka ana chumba kule ndani ya mji, upepo haufiki. Ameshakipaka rangi. Msimu wa upepo mkubwa ukinikuta bado napangusa kutu, nahamisha cherehani."

"Na mimi?"

"Wewe una vichwa vyako hapa. Jioni tutaonana nyumbani, kama watu wote."

Akarudi nyuma ya pazia. Mstari alikuwa ananinyoa mimi. Mkono ulitulia kidogo shingoni kwangu.

"Mzee," alisema polepole, "nikimkosa pale nyuma, nitanyoa naongea na nani?"

Jibu nilikuwa nalo nyumbani kwangu, na lilikuwa zito kulibeba mpaka pale.

Akaanza kutafuta kinga. Alifunga turubai; upepo ulilichana likawa utepe. Aliomba kuweka mabati, mwenye nyumba akakataa. Alisema duka litaonekana kama banda la kuku. Ndipo Mstari akasema atapanda ua wa mimea. Chini ni saruji, kwa hiyo itakaa kwenye vyombo. Akakusanya ndoo za rangi, mapipa yaliyokatwa nusu, na sinki moja bovu. Akatoboa matundu chini kwa msumari wa moto, akaweka mawe, juu yake udongo na mbolea.

"Matundu ya nini?" aliuliza fundi viatu wa mlango wa pili. Huyo mdomo wake ni mrefu kuliko sindano yake.

"Maji yapite. Nikimwagia, chumvi ioshwe, ipate mlango wa kutokea."

"Kumbe chumvi nayo inabisha hodi."

Mara ya kwanza alinunua kwa macho. Alikwenda sokoni akaleta mawaridi, mirehani, na migomba ya mapambo yenye majani mapana. Duka lilipendeza kama siku ya sherehe. Upepo wa kati ukavuma. Mirehani ikawa nyeusi kama majani ya chai. Ile migomba ilichanika vipande vipande. Mstari alisema jani pana ni kama mtu wa masikio makubwa, kila upepo unamhusu. Mawaridi yalikauka moja baada ya jingine. Lilipobaki moja, fundi viatu aliliinamia kwa heshima.

"Dada waridi," akaliambia, "mwenzako akinyolewa, zako tia maji."

Tulicheka. Mstari naye alicheka, lakini nyuma ya pazia hakukuwa na kicheko.

Siku ya mapumziko alinipitia nyumbani. "Mzee, twende ufukweni. Nimekuwa mjinga. Nimemuuliza muuza miche, sijawauliza wanaokaa hapo hapo."

Tukatembea kando ya maji. Alikuwa anashika majani kama anavyoshika vichwa, kwa ncha za vidole, akiyapima. Alifika kwenye kichaka kimoja cha majani manene, ya kijani kibichi, yanateleza. Akafurahi. "Huyu amepaka mafuta. Tone likikaa linateremka." Akaenda kwenye kingine, majani ya kijivu, yana manyoya laini. "Huyu nywele zake fupi, nzito. Chumvi inaning'inia kwenye nywele, haifiki kwenye ngozi." Akavunja jani la mshubiri. "Na huyu ana maji yake ndani, hamwombi mtu."

Kile kichaka cha majani manene kilikuwa na maua meupe madogo. Ua lake ni la ajabu. Lina petali upande mmoja tu, utadhani mtu amelikata katikati kwa mkasi. Mstari alilitazama muda mrefu. "Aliyelichonga hili ana mkono," alisema. Jina la kichaka hatukulijua. Yeye alikiita ua-nusu, na sisi tukamfuata.

Hakung'oa kitu. Alikata vipandikizi, akavifunga kwa kitambaa chenye maji. "Nywele zinaota," alisema. "Mzizi ukiung'oa umeua mtu."

Nyumbani vilipochipua, havikupewa kazi moja kwa moja. Kila kimoja kilikwenda kukaa juu ya ule ukuta wa mawe, uso kwa uso na bahari, na yeye akawa anakwenda kukitazama asubuhi na jioni. Mkewe aliita ule ukuta meza ya usaili. Waliolegea walirudishwa uani. Waliosimama walipelekwa kwenye mapipa. Ua-nusu alifaulu bila kutoa jasho. Wa kijivu alifaulu. Bugenvilia alidondosha majani yote, tukamzika kwa maneno mabaya, naye akachipua mapya. Mvinje mdogo alipewa pipa la pembeni kwa sababu mti huo hurefuka, akamate upepo wa juu. Mishubiri ilipangwa chini, miguuni mwa wengine.

Vikakua. Mvua zilipopita vilikuwa vimeshikana. Ukikaa kwenye benchi unasikia upepo upande wa pili, unaguna, hauingii. Asubuhi moja pazia lilifunguliwa. Mkewe akasimama mlangoni na kikombe chake.

"Hm," alisema.

Kwa mwanamke yule, hilo lilikuwa pongezi.

Nafikiri hiyo "Hm" ndiyo iliyomponza. Alitaka apate ya pili. Kesho yake nilimkuta nje na mkasi. Kulikuwa na kijiti kimoja kimechomoza. Akakikata. Alipokikata, cha jirani kikaonekana kirefu. Baada ya hapo ikawa desturi, kila siku kabla ya kufungua. Alianzia kushoto, akaenda kulia, akarudi nyuma hatua moja, akafumba jicho. Kichaka kikawa na ukingo. Juu pamenyooka, kona zimekaa. Watu walisimama barabarani kutazama. Mteja mmoja alisema, "Mimi nataka kama hiyo," akionyesha kichaka, akanyolewa hivyo.

Halafu juu pakaanza kugeuka rangi.

Kwanza ncha tu, hudhurungi, kama mkate ulioshika moto. Mstari akazikata. Chini yake yakatoka majani mapya, laini, ya kijani hafifu, nayo yakaungua kabla hayajafunguka. Akayakata. Kila kilichoungua alikikata, na kila alipokata pakaungua. Alibadili udongo wa juu. Aliosha majani kwa maji ya bomba. Alilaumu ndoo za rangi, akasema zina sumu. Kichaka kilikuwa kinashuka siku hadi siku, kimenyooka vilevile. Kilifika usawa wa benchi. Upepo ukapita juu yake, ukaingia ndani, ukasukuma pazia.

"Kinyozi hajinyoi," fundi viatu alisema, "lakini huyu wa kwetu amenyoa mpaka bahari ikaingia ndani."

Siku hiyo Mstari aliniacha na unywele mmoja shingoni. Nilijua mambo yameharibika.

Na mkewe alianza kufunga virago. Niliona tu blanketi limetandikwa juu ya cherehani mchana, na vitambaa vya wateja vimefungwa mafungu. Kaka yake alipiga simu, tulimsikia mkewe Mstari akimjibu nyuma ya pazia, "Ukipata mkokoteni nijulishe."

Kuna nguzo ya umeme pale mbele ya duka, pembeni kabisa. Nyuma ya nguzo kuna pipa moja la ua-nusu. Limebanwa kati ya nguzo na ukuta, mkono unaingia, mkasi hauingii. Mkewe hufunga kamba ya nguo kwenye ile nguzo. Asubuhi hiyo alikwenda kuifungua, maana ilikuwa yake na alikuwa anakusanya vyake. Akakaa huko muda. Halafu akaita.

"Baba. Njoo."

Mstari akaenda na mkasi mkononi. Nami nikasogea, benchi si mbali.

"Tazama hiki."

Kile kichaka cha nyuma ya nguzo kilikuwa kirefu kunipita mimi. Kimekaa ovyo, matawi huku na huku, majani ya mbele yana chumvi nyeupe juu yake. Lakini kijani. Kijani mpaka juu, na maua.

"Hiki kimekingwa na nguzo," alisema Mstari.

"Nguzo ni nyembamba kuliko wewe. Upepo wa hapa na wa pale ni mmoja. Udongo mmoja. Pipa ni mwenzake, ulilikata mwenyewe, hili nusu hili nusu. Hiki umekikata?"

"Sikifikii."

"Ehe."

Mkewe alishika tawi moja la kile kilichokatwa, akamwonyesha ncha. "Mimi nikikata kitambaa nikauacha ukingo hivi hivi, unafanyaje?"

"Unafumuka."

"Kwa hiyo naupinda. Wewe hapa kila siku unakata ukingo mpya, nani anaupinda? Unakiita kitoto cha jani kutoka nje kikiwa hakijavaa kitu. Hakijapaka hata hayo mafuta yako. Halafu unalaumu ndoo."

Mstari aliutazama mkasi. Akakitazama kichaka cha nyuma ya nguzo, chote, juu mpaka chini. Niliona kinamuuma. Kulikuwa na tawi moja limetoka pembeni kama mkono wa mtu anayesimamisha gari.

"Kwa hiyo nikiache hivi? Mbele ya duka la kinyozi?"

"Chagua. Ukingo au mimi."

"Mama, hilo nalo ni swali?"

"Basi lete."

Akampa mkasi. Mkewe akaufunga kwenye fungu la vitambaa, akaingia ndani. Fungu hakulifungua. Alisema atangoja mpaka upepo mkubwa useme wenyewe, na kaka yake ameshaahidiwa kuwa atahamia.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu kwa Mstari. Asubuhi anatoka, anasimama mbele ya kichaka, mikono nyuma. Vidole vilikuwa vinacheza huko nyuma, kata kata kata. Vichaka viliota kila upande. Bugenvilia alilala juu ya wa kijivu. Ua-nusu alitoa mabega. Majani mapya yalikuwa yanatoka chini ya yale ya zamani, kwenye kivuli chao, yanakomaa taratibu, na yakitokeza nje yameshakuwa manene.

"Mlinzi wako amefuga nywele," alisema fundi viatu. "Kachanue basi."

"Akili ni nywele," Mstari alimjibu. "Kila mtu ana zake. Na huyu ana zake."

Mteja mgeni alikuja siku moja, akatazama mlango, akatazama kichaka. "Kama hapa ndipo penyewe," akasema, "kichwa changu kitatoka vipi?" Akapita. Mstari alimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Mkono wake ulikwenda mfukoni ukakuta hakuna kitu. Kisha akageuka kwangu. "Mzee, kaa nikunyoe. Leo nina ukingo mwingi ndani yangu." Sikuwa na nywele za kutosha, lakini nilikaa.

Upepo mkubwa ulikuja kama unavyokuja, usiulize. Barabara haikuonekana kwa mchanga. Mabati ya mtu yalipita yanabingirika. Wavuvi walivuta vyombo vyao juu. Sisi tulikaa ndani tunasikiliza. Kichaka kililala upande, kikanyanyuka, kikalala. Mvinje ulikuwa unapiga mluzi. Nje ya kichaka kulikuwa na vita. Pazia la dukani lilikuwa limening'inia kama pazia la nyumba ya mtu aliyelala.

Kesho yake, upepo ukiwa bado una nguvu, shemeji yake Mstari, yule kaka wa mkewe, akaja na mkokoteni. Aliingia kwa kuinama, macho mekundu, nywele zimejaa mchanga.

"Dada, upo tayari? Bahari yenu hii haina adabu."

"Kaa kwanza upumzike."

Akakaa kwenye benchi nje. Alikaa kama mtu aliyejiandaa kupigwa. Baada ya muda akashusha mabega. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Barabarani mchanga ulikuwa unakwenda mbio, na yeye kanzu yake haitikisiki.

"Mbona hapa kimya?" aliuliza.

Mkewe Mstari alikuwa nyuma ya pazia, ameinama kwenye cherehani. Alipitisha kitambaa cheupe kwenye sindano, kwenye gurudumu, kwenye kila kiungo. Alikitazama upande mmoja, akakigeuza. Mstari alikuwa na kichwa cha mteja mkononi, mashine imezimwa. Hakugeuka.

"Kaka!" mkewe aliita. "Njoo ushike huku. Baba, wewe shika kule."

Mstari akaweka mashine chini. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kubeba jeneza. Wakainua cherehani na meza yake, wakapita nayo kando ya kiti, wakatoka mlangoni. Shemeji akaelekea mkokoteni.

"Wapi wewe?" dada yake alimwambia. "Weka hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo benchi lilipo. Toa benchi. Mwanga mzuri huo, kule nyuma nimekuwa nashona kwa kupapasa."

Shemeji alisimama na chuma mikononi. "Na chumba? Nimepaka rangi, dada. Mikono miwili ya rangi."

"Weka mpangaji. Mwambie kina rangi."

Wakaiweka. Ilikaa vizuri, mgongo kwenye kichaka. Mkewe akakitupa kile kitambaa mezani, cheupe vilevile, akavuta kiti, akatia uzi, akakanyaga. Cherehani ikalia laini, haina hata mkwaruzo. Mstari alisimama pale mlangoni, mikono haijui iende wapi, na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja akawa anachungulia nyuma yake.

"Baba, kichwa cha mtu hicho."

"Ndiyo, mama."

"Na benchi mwingizie mzee ndani, asisimame."

Akaliingiza, nikakaa. Lilijaza nusu ya chumba. Kutoka pale niliwaona wote wawili, mmoja ndani na mmoja nje, wameshaanza kubishana juu ya kola ya mtu. Shemeji hakuondoka. Kulikuwa na shuka refu la kupinda, na dada yake alikuwa amemshikisha ncha ya pili.